Medali haimo kwenye faili: maswali ambayo maveterani wa Uganda huniuliza mara kwa mara

Nilikuwa karani wa kikosi. Wenzangu walibeba bunduki. Mimi nilibeba bunduki na mashine ya chapa, na kati ya hivyo viwili ni mashine iliyoniharibu mgongo. Siku hizi nimestaafu, nakaa Bombo, mji ambao Kiswahili na Kinubi hupishana barazani tangu asubuhi, na hazipiti wiki mbili bila afande fulani kuja na mfuko wa plastiki wenye karatasi. Anakaa, anakunywa chai, tunaulizana habari za watoto, kisha anasema: "Afande, mimi nilipigana, lakini faili yangu haisemi hivyo."

Haya ni maswali wanayoniuliza na majibu ninayowapa. Si majibu ya serikali. Ni ya mtu aliyechapa orodha za majina miaka mingi na anayejua zinavyoharibika.

Nianzie wapi?

Anza kwa kujua shida yako ni ipi kati ya tatu, maana wengi huzichanganya na barua zao huzunguka bure.

Ya kwanza: ulitunukiwa, jina lilisomwa, ukavalishwa medali mbele ya watu, lakini faili haina habari hiyo. Hapo unaomba kumbukumbu isahihishwe. Ya pili: jina lako limo kwenye orodha ya waliotunukiwa, ila medali yenyewe haikukufikia. Hapo unadai kitu ambacho tayari ni chako. Ya tatu: hukutunukiwa kamwe, lakini unaamini ulistahili. Hapo hudai chochote bado, unaomba upendekezwe. Hii ya tatu ndiyo ya watu wengi, ingawa wengi huja wakidhani wako kwenye ya kwanza.

Kuna sajini mmoja mstaafu aliyeandika barua sita akilalamika kwamba medali yake imeibwa. Barua kali, zenye mistari mitatu chini ya neno "WEZI". Tulipokaa na kurudi nyuma mwaka kwa mwaka, ikaonekana hakuna mkuu yeyote aliyewahi kulipeleka jina lake mbele. Ofisi ilikuwa inatafutishwa mwizi ambaye hayupo. Barua ya saba tuliiandika upya, bila neno wizi, ikiomba pendekezo. Hiyo ndiyo iliyojibiwa.

Medali tunazozungumzia ni zipi hasa?

Sheria inayotawala mambo haya ni Sheria ya Heshima na Tuzo za Taifa ya 2001. Anayetunuku ni Rais, kwa ushauri wa kamati ya tuzo. Kwa upande wa kijeshi ya juu kabisa ni Katonga, iliyopewa jina la mto ule ambao NRA na majeshi ya serikali (NRA ni jeshi la msituni la Museveni) walitazamana kwa miezi mwishoni mwa 1985. Zipo pia Nyota ya Kabalega na Nyota ya Rwenzori. Medali ya Kagera ni ya waliopigana dhidi ya utawala wa Amin kati ya 1971 na 1979. Medali ya Pembetatu ya Luwero ni ya waliopigana vita vya msituni, 1981 hadi 1986. Nalubaale ni ya raia waliochangia mapambano ya kisiasa. Mwaka 2012, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, ikaja Medali ya Jubilei ya Dhahabu, ambayo wanajeshi na raia waliipata.

Taja jina la medali unayoitaka. Barua inayosema tu "naomba medali yangu ya vita" inamwachia karani kazi ya kubahatisha, na karani akibahatisha huchagua jibu lisilompa kazi.

Inakuwaje jina la mtu aliyepigana likakosekana?

Kwa njia nyingi, na nyingi hazina ubaya wa mtu.

Tazama miaka kwanza. Vita vya msituni viliisha Kampala ilipoanguka tarehe 26 Januari 1986. Kati ya 1992 na 1995 zaidi ya askari 36,000 wa NRA waliachishwa jeshi na kurudi vijijini. Sheria ya medali ikaja 2001. Maana yake ni kwamba kulikuwa na maelfu ya watu waliopigana, wakaondoka, na medali zikaundwa wakati wao wako shambani wanapalilia mihogo. Vikosi vilipoanza kukusanya majina, vilianza na waliokuwa kwenye paredi. Mtu wa Nakaseke aliyeondoka 1993 hakuwa na mkuu wa kumkumbuka wala karani wa kumchapa.

Halafu kuna uhamisho. Ukipigana ukiwa batalioni hii, ukahamishwa kabla orodha haijaandikwa, batalioni ya zamani inasema "huyo si wetu tena" na mpya inasema "hapo hakuwa wetu bado." Nimeona hilo kwa macho yangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kuna hospitali. Aliyejeruhiwa hutoka kwenye orodha ya waliopo na kuingia kwenye orodha ya wagonjwa, na orodha ya wagonjwa haipelekwi kwenye gwaride la medali. Kwa hiyo aliyemwaga damu ndiye hukosa, na aliyebaki anapika ndiye huvalishwa. Usicheke, ndivyo makaratasi yanavyofanya kazi.

Na kuna majina. Hilo lina swali lake.

Msituni niliitwa jina jingine. Nifanye nini?

Hauko peke yako, na umo kwenye kundi la wakubwa. Jenerali Salim Saleh alizaliwa Caleb Akandwanaho. Fred Rwigyema alizaliwa akiitwa Emmanuel Gisa. Wao walijulikana kiasi kwamba hakuna karani wa kuwauliza kitambulisho. Wewe na mimi tutaulizwa.

Shida ya kawaida ni hii: msituni ulikuwa "Kadogo Musa" (kadogo ni askari mtoto), kwenye rejista ya 1987 ukawa Musa pamoja na jina la baba, na kwenye kitambulisho cha taifa ukaandikwa jina la ubatizo ambalo hata mama yako halitumii. Majina matatu, mtu mmoja. Andika hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo inayoyataja yote matatu kwa herufi zilezile zilivyo kwenye kila karatasi, hata kama moja limekosewa. Usisahihishe kosa la zamani ndani ya kiapo. Litaje lilivyo, kisha sema ni kosa. Na kinachounganisha majina yote ni namba ya jeshi. Majina hubadilika, mtu husilimu, huoa, huokoka. Namba inayoanza na RA kwa askari wa kawaida au RO kwa ofisa haibadiliki kirahisi namna hiyo. Iweke juu kabisa ya kila karatasi.

Vithibitisho gani vina nguvu?

Vile vilivyoandikwa wakati ule ule. Karatasi ya 1984 iliyochanika ina uzito kuliko barua nzuri ya juzi yenye mihuri mitano.

Mwaka jana alikuja kwangu koplo mmoja aliyekuwa Somalia. Akamwaga mfuko wake mezani: risiti za simu, kadi ya chanjo ya mjukuu, picha, barua za kanisa. Alikuwa amekata tamaa kwa sababu hakuwa na cheti. Nikachukua picha moja. Mbele ni vijana wanne wamesimama karibu na gari la deraya, mchanga mweupe, wote wamekunja nyuso kwa jua. Nikaigeuza. Nyuma, kwa kalamu ya bluu, mtu alikuwa ameandika majina manne, jina la kambi na tarehe. Mmoja wa wale wanne bado yuko jeshini na ana cheo. Koplo alikaa na picha ile miaka yote akidhani ni ukumbusho tu.

Kwa hiyo geuza kila picha. Tafuta kadi ya hospitali, kwa sababu daktari huandika tarehe na mara nyingi huandika pia umetoka wapi. Tafuta karatasi ya kuachishwa jeshi, barua ya kupandishwa cheo, karatasi ya likizo, cheti cha kozi. Hata barua uliyomwandikia mke ukiwa kazini, kama bahasha ina muhuri wa posta, inasema kitu. Kovu peke yake haliwezi kusema lilipatikana wapi. Kovu pamoja na kadi ya hospitali linaweza.

Na usitoe karatasi ya asili mkononi mwako. Toa nakala iliyothibitishwa. Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walisema, na mimi naongeza kwamba daftari lenyewe likiachwa mezani pa mtu huisha hivyo hivyo.

Mashahidi wangapi, na nani?

Wawili waliokuwa nawe wanashinda kumi waliosikia. Bora zaidi ni mkuu wako wa moja kwa moja: kamanda wa seksheni, wa platuni, au wa kampuni. Jenerali aliyepita mara moja akawasalimia hafai, hata kama jina lake ni kubwa. Atasema nini? Kwamba aliona vijana wengi?

Ushahidi uwe mfupi na wa macho. Napenda ukae hivi: "Mimi, namba fulani, nilikuwa seksheni moja na fulani tulipoingia kambi ya Masindi Februari 1984. Yeye alikuwa upande wangu wa kushoto. Tulirudi pamoja tukibeba masanduku ya risasi. Alikuwa na jeraha la mkono, nikamfunga kwa kitambaa cha shati langu." Hapo pana mahali, mwezi, nafasi aliyosimama, na shati. Anayesoma anajua mtu huyu alikuwepo. Ushahidi unaosema "ninamfahamu kama mpiganaji hodari na mzalendo wa kweli" ni wa kusomwa kwenye harusi.

Shahidi asiongeze chumvi. Uongo kwenye kiapo ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo, waliokuwepo kwenye vita vya mwanzo wanajulikana. Tarehe 6 Februari 1981, vita vya msituni vilipoanza kwa shambulio la kambi ya Kabamba, kundi lilikuwa na bunduki 27. Watu ambao wameniambia kwa midomo yao kwamba walikuwepo siku ile wangejaza jukwaa moja la uwanja wa Namboole.

Barua niiandike vipi?

Ukurasa mmoja. Juu: jina, majina mengine, namba ya jeshi, cheo ulichoondoka nacho, namba ya kitambulisho cha taifa, simu inayopatikana. Si simu ya mwanao wa Kampala anayebadilisha laini kila mwezi.

Aya ya kwanza iseme unataka nini, kwa mstari mmoja. Aya ya pili iseme ulikuwa wapi na lini, ukiwa chini ya nani. Aya ya tatu itaje ulichoambatanisha. Basi. Historia ya maisha, umaskini, watoto wasiolipiwa karo, hayo yanauma lakini si ya barua hii, na yakiingia yanafanya ombi la haki lionekane ombi la msaada.

Kuwa makini na majina ya majeshi, kwa sababu hapo ndipo wasomaji wakali wanapokukamata. Kama ulikuwa Kabamba Februari 1981, usiandike ulikuwa NRA siku hiyo. Siku hiyo lilikuwa PRA, jina la kwanza la jeshi la Museveni. NRA ilizaliwa Juni mwaka huo PRA ilipoungana na UFF, kundi la Yusuf Lule. Jina UPDF, la jeshi letu la sasa, lilikuja na katiba ya 1995. Kama uliingia kupitia makubaliano ya UPDA, waasi wa kaskazini, yaliyotiwa saini Gulu Juni 1988, sema hivyo bila aibu; wengine hujaribu kuficha walikotoka, kisha tarehe zao hazilingani.

Kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Moyo wangu unasema Kiswahili. Ni lugha ya jeshi letu tangu Keya (King's African Rifles, jeshi la wakoloni), hata siku kuu ya jeshi tunaiita Tarehe Sita na hakuna anayeitafsiri, na tangu mabadiliko ya katiba ya 2005 ni lugha rasmi ya pili. Lakini faili zimeandikwa kwa Kiingereza na maofisa hujibu kwa Kiingereza. Andika ombi kwa Kiingereza, ushahidi wa wenzako uache kwa lugha waliyosimulia na uambatanishe tafsiri. Simulizi ya askari mzee ikipitia kwa mtoto wa sekondari anayejua Kiingereza kizuri hutoka imenyooshwa kama shati la Jumapili, na harufu ya kilichotokea imekwenda.

Nipeleke wapi?

Kusahihisha faili ni kazi ya wanaotunza kumbukumbu za askari, kwa hiyo barua iende kwa ofisi ya utumishi na utawala ya jeshi, makao makuu Mbuya, ambako pia ndiko Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani. Suala la tuzo yenyewe, orodha na medali ambayo haikukufikia, linahusu Ofisi ya Rais. Kama ni pendekezo jipya, lipitie kwa mkuu wako wa zamani au kikosi kilichokurithi, likiwa na saini yake. Ukienda peke yako utaambiwa urudi kwa yeye huyo.

Kabla ya kupanda taksi ya kwenda Kampala, pata barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na uonane na ofisa wa maveterani wa wilaya yako kama yupo. Peleka barua kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri ule, barua haikufika. Ilifika, lakini haikufika.

Niliachishwa miaka ya tisini na sina faili kabisa.

Unayo, ila haiko unakoitafuta. Walioachishwa 1992 hadi 1995 walipitia Bodi ya Usaidizi wa Maveterani. Ulipopewa mabati, mbegu na fedha za kuanzia, uliandikwa. Jina, namba, wilaya uliyoelekea. Ndugu zetu wengi wanakumbuka mabati na wamesahau kwamba walitia sahihi. Taja mwaka na kituo ulichopitia, na wilaya ulikotawanyishwa, kwa sababu wilaya nyingi zimegawanywa tangu hapo; jina la wilaya ya leo halimo kwenye karatasi za wakati ule. Aliyepelekwa Luwero 1993 huenda leo anaishi Nakaseke bila kuhama hata hatua moja.

Nilikuwa Somalia. Wenzangu walipewa medali, mimi sikupewa.

Jeshi letu liliingia Mogadishu Machi 2007 chini ya AMISOM, na baadaye misheni ikabadilika jina kuwa ATMIS mwaka 2022 na AUSSOM mwaka 2025. Medali ya misheni ya Umoja wa Afrika haitoki kwenye sheria yetu ya 2001, na ukiidai kama medali ya Uganda utazungushwa. Taja jina la misheni wakati uliokuwepo wewe, kundi la vita ulilokuwa nalo, tarehe ya kuondoka Entebbe na tarehe ya kurudi.

Kama ulirudishwa mapema kwa jeraha, sema ulipelekwa hospitali gani, Nairobi au Bombo, na tarehe. Gwaride la medali hufanywa mwisho wa zamu. Wewe ulikuwa kitandani. Kwa medali za Umoja wa Mataifa kanuni ya kawaida ni siku 90 za utumishi, kwa hiyo hesabu siku zako vizuri kabla ya kugombana na mtu.

Nilikuwa Arrow Boys. Je, mimi ni veterani?

Kwa macho yangu, ndiyo. Arrow Boys wa Teso na Amuka wa Lango walisimama 2003 wakati LRA, waasi wa Joseph Kony, ilipoingia huko, na wengi walisimama kabla hawajavaa hata buti. Kwa macho ya faili ni swali gumu, kwa sababu wengi hawakupewa namba ya jeshi. Hapa mashahidi wanabeba uzito wote: kamanda wa kundi, mwenyekiti wa kijiji, na ofisa wa UPDF aliyekuwa anasimamia eneo. Kama baadaye uliingizwa kwenye jeshi au akiba, anza na tarehe hiyo kisha rudi nyuma.

Mimi nilikuwa raia Luwero. Niliwapikia na kuwaficha. Nina haki ya medali?

Mama aliyeuliza swali hili alikuja na sufuria. Sufuria yenyewe, imetobolewa na risasi pembeni. Nilimweleza kuwa raia wana njia yao, medali ya Nalubaale, na kwamba kuna jambo tofauti kabisa linaloitwa akasiimo, malipo ya shukrani kwa raia waliosaidia vita, ambalo limekuwa likishughulikiwa na wizara ya Pembetatu ya Luwero chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Watu huchanganya: aliyepata akasiimo hudhani amepata medali, na asiyepata akasiimo hudhani amenyimwa medali. Ni vitu viwili, ofisi mbili, orodha mbili.

Nilimwambia apige picha ya sufuria na asiipeleke popote.

Mume wangu amefariki. Naweza kuomba kwa niaba yake?

Unaweza, mama. Medali hutolewa hata baada ya kifo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitunukiwa Katonga akiwa kaburini Butiama. Utahitaji cheti cha kifo, kitu cha kuonyesha uhusiano wenu, na ikiwezekana barua ya usimamizi wa mirathi. Kama hujaanza mambo ya mirathi, ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ndiyo pa kuanzia, na utaihitaji kwa pensheni pia, kwa hiyo fanya mara moja.

Ushauri wa pembeni: mkae kama familia kabla hamjaandika. Nimeona wajane wawili wa askari mmoja wakiandika barua mbili siku moja, kila mmoja akisema yeye ndiye pekee. Faili ile ilifungwa ikawekwa juu ya kabati.

Babu yangu alikuwa Keya, alipigana Burma. Hiyo nayo?

Hiyo si ya Mbuya. Keya lilikuwa jeshi la Uingereza. Kikosi cha Nne ndicho kilichokuwa cha Uganda, na baada ya uhuru wa 1962 kikawa chanzo cha jeshi letu. Medali za Vita Kuu ya Pili hazikutumwa zenyewe kwa kila askari. Zilipaswa kuombwa, na wengi hawakuambiwa. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ina ofisi ya medali inayopokea maombi ya jamaa wa karibu wa marehemu.

Ukikuta medali ya zamani kwenye sanduku, tazama ukingo wake. Za Vita Kuu ya Kwanza zimechongwa namba, jina na kikosi ukingoni, au mgongoni kwa zile za nyota. Za Vita Kuu ya Pili zilizotolewa na Uingereza ziko tupu, kwa hiyo utupu ule si dalili kwamba ni bandia. Nyota ya Burma ni ya shaba, pembe sita, na utepe wake una buluu, nyekundu na rangi ya chungwa.

Medali nilipewa lakini imepotea.

Nenda polisi, pata barua ya upotevu, kisha uombe nyingine ukieleza siku na mahali ulipovalishwa. Usinunue ya sokoni, na usiazime ya mwenzako kwa ajili ya picha.

Kuna mtu anasema atanisaidia nikimpa pesa.

Hapana.

Wapo wanaopita vijijini na daftari na fomu zenye nembo, wakikusanya "ada ya usajili" kwa maveterani. Muulize namba ya jeshi, kikosi, na mkuu wake wa kampuni. Askari wa kweli hujibu kabla hujamaliza kuuliza. Gharama halali ni ndogo: nakala, picha, kamishna wa viapo, nauli. Zaidi ya hapo unalisha mtu.

Nikipata medali, nitapata pesa?

Pensheni na kiinua mgongo huhesabiwa kwa miaka ya utumishi na cheo, si kwa medali. Lakini ukiona faili yako imekosa medali, angalia pia tarehe ya kuingia jeshini. Aliyekosewa kitu kimoja mara nyingi amekosewa na kingine, na hicho kingine ndicho chenye pesa.

Nimengoja mwaka mzima bila jibu.

Rudi na nakala yenye muhuri. Kama bado kimya, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2005: unaomba kwa maandishi kujua kumbukumbu zako zinasemaje, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Wanaweza kukataa kwa sababu za usalama wa taifa, lakini tarehe yako ya kuingia jeshini na jina la batalioni ya 1986 si siri ya kuangusha serikali. Wakikataa ombi lenyewe, omba sababu kwa maandishi. Jibu la "hakuna kumbukumbu" ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu hapo unajua kinachotakiwa ni ushahidi, na si kwamba wamekuona muongo.

Bunge lina wabunge 10 wanaowakilisha jeshi. Ni wabunge wako pia, waandikie. Usiende siku ya sherehe kumkimbilia mkubwa na karatasi. Walinzi wake hawajui una karatasi tu.

Na wewe, afande, yako uliipata?

Huuliza hivyo makadogo wa zamani, kwa kicheko, wakiwa wameshasimama kuondoka.

Sikuipata. Jina langu lilikuwepo kwenye orodha ya kikosi, lakini tarakimu mbili za namba zilikuwa zimepishana, kwa hiyo orodha ikamtaja mtu ambaye hayupo. Nilikasirika miezi kadhaa, nikamtafuta aliyechapa. Nakala ya kaboni nilikuwa nayo nyumbani. Chini kushoto, mahali ambapo karani huweka herufi za mwanzo za jina lake, palikuwa na herufi zangu.

Barua ya masahihisho imekwisha kupokelewa, ina muhuri. Nakala iko kwenye droo, chini ya kasha la miwani. Safari hii namba aliisoma mke wangu kwa sauti, tarakimu moja moja, nami nikachapa.